Mashindano ya daraja la kati katika kaunti za Ireland: ni nini kinachowabakiza wachezaji klabuni?

Katibu wa Timu, Masasi

Ndugu zangu wapenda michezo, naomba mnisaidie kuelewa jambo moja. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia kandanda ya Kigaeli ya Ireland, mchezo wa wachezaji 15 kila upande ambamo mpira hushikwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, bao la wavuni likiwa na pointi 3 na mpira unaopita juu ya mtambaa panya ukiwa na pointi 1, au 2 tangu mwaka 2025 ukipigwa kutoka mbali, nje ya tao la mita 40. Kila kaunti ina mashindano yake ya klabu, nazo klabu hupangwa kwa madaraja: la juu, la kati na la chini. Ninaloliuliza linahusu hilo daraja la kati, kwa sababu naona fainali zake zinajaza watu, watu wazima wanalia uwanjani, na kombe linatembezwa kijijini kama la daraja la juu.

Huku kwetu timu ya ngazi hiyo huchezea mbele ya jamaa na watoto wa shule, na kijana akianza kufunga mabao huondoka kabla msimu haujaisha. Timu ninayoihudumia ilipoteza washambuliaji wawili namna hiyo katikati ya mashindano, na hakuna aliyetuandikia hata barua. Je, wenzetu wanabakizwa na fedha, na kanuni au na mazoea tu?

Msomaji wa Lindi Mjini

Katibu, fedha uiondoe kabisa katika hesabu. Chama kinachosimamia mchezo huo, kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884, kimeshikilia hadi leo kwamba mchezaji halipwi mshahara, awe wa klabu ya kijijini au wa timu ya kaunti inayocheza fainali ya taifa. Anayefunga mabao Jumapili huamka Jumatatu kwenda kufundisha shule au kukamua ng'ombe. Klabu kubwa haina donge la kumwonyesha kijana wa klabu ndogo.

Kanuni nayo ipo. Klabu nyingi zimejengwa juu ya parokia, na katika kaunti nyingi mtu huchezea klabu ya mahali alipozaliwa au anapoishi, hivyo kuhama kwa sababu tu klabu jirani ina nguvu zaidi si jambo jepesi, na kwa watu wake ni aibu.

Hata hivyo, ukiniuliza mimi, jibu lenyewe liko kwenye njia anayopita bingwa. Bingwa wa daraja la kati hupanda daraja, lakini haishii hapo. Huiwakilisha kaunti yake kwenye mashindano ya jimbo, ambayo ni Munster, Leinster, Ulster au Connacht, na huko hukutana na mabingwa wa daraja la kati wenzake, si na vigogo wa daraja la juu. Akishinda jimbo huingia nusu fainali ya taifa, na fainali huchezwa Januari katika uwanja wa Croke Park, Dublin, unaochukua watu zaidi ya 82,000. Kilcummin ya kaunti ya Kerry ilitwaa ubingwa huo wa taifa mwaka 2019, na Rathmore ya kaunti hiyo hiyo ikautwaa mwaka 2023. Hizo ni klabu za vijijini. Mchezaji anayejua kwamba akiwa na watoto aliokua nao anaweza kufika kwenye uwanja mkuu wa taifa, haoni sababu ya kwenda kuutafuta kwa watu wengine.

Mwalimu wa Michezo, Ruangwa

Katibu na ndugu yangu wa Lindi, nimesoma kwa makini na nina shaka moja. Sisi wa Ruangwa tumeona faida ya wachezaji kuhama. Namungo ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020, ambako ilifungwa na Simba mabao 2 kwa 1, haikufika kwa vijana wa kata moja. Kijana wetu mguu wake ndio shamba lake, na kumfunga kijijini kwa kanuni ya parokia ni kumnyima riziki ambayo Mwairishi hakuitegemea tangu mwanzo.

Ninachoweza kukichukua kutoka Kerry ni kitu kingine, nacho kinafanana na kombaini zetu. Klabu zisizo katika daraja la juu huunganisha wachezaji wake katika timu ya tarafa, na timu hiyo hushindania kombe kuu la kaunti. David Clifford, anayehesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa mchezo huo, ni wa Fossa, klabu ndogo karibu na Killarney. Akiwa na kombaini ya East Kerry alishinda kombe la kaunti mwaka 2019, na Januari 2023 akashinda taji la taifa la daraja la chini akiwa na Fossa yake. Hakulazimika kuiacha klabu ya nyumbani ili acheze na wakubwa.

Katibu wa Timu, Masasi

Shikamoo Mwalimu, na asante kwa kunirekebisha. Nakubali kwamba anayeitwa na timu inayolipa aende, lakini walioniondokea mimi hawakuitwa na timu inayolipa. Walikwenda timu ya wilaya jirani iliyokuwa imebakiza mechi nyingi zaidi. Kwa hiyo kombaini naiona kuwa dawa ya ugonjwa huo hasa.

Niongeze jambo la ratiba. Siku hizi kule timu za kaunti humaliza msimu wao Julai, na miezi inayofuata huachiwa klabu, hivyo hakuna anayegombaniwa na timu mbili kwa wiki moja. Sisi hupanga mechi wakati vijana wako mashambani wakipulizia mikorosho, kisha tunashangaa timu ikileta wachezaji tisa, na mashindano yakisogezwa mbele yanaangukia kwenye kuokota korosho.

Mwalimu wa Michezo, Ruangwa

Marahaba, Katibu. Hapo kwenye ratiba sina pingamizi. Ukiandika pendekezo la kombaini, weka sharti kwamba mchezaji abaki na leseni ya klabu yake ya awali na arudi kuichezea, la sivyo kombaini yenyewe itageuka kuwa ile timu ya jirani.

Katibu wa Timu, Masasi

Nimeliandika sharti hilo kama lilivyo. Nitalipeleka kikaoni kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, wakati wajumbe wote bado wanapatikana.