Naomba ushauri: mama mkwe wangu anahitaji mkalimani wa Kihispania

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu, hasa mlioko Marekani. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Chicago, na mke wangu ni mzaliwa wa Mexico. Mama yake, mwenye umri wa miaka 71, anazungumza Kihispania pekee, na kila anapokwenda kliniki kwa ajili ya kisukari, binti yetu wa miaka 11 ndiye anayegeuzwa mkalimani. Safari iliyopita mtoto alitakiwa kumweleza bibi yake kwamba huenda akakatwa kidole cha mguu. Alinyamaza katikati ya sentensi, na bibi akaelewa kwa kumtazama usoni. Jambo hili linaniuma sana. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi unaotokana na asili ya taifa katika huduma zinazofadhiliwa na serikali ya shirikisho, kwa hiyo mkalimani si hisani, lakini mama anaogopa kuonekana msumbufu. Je, tuombe mkalimani kwa maandishi kabla ya miadi, au tumtafutie kituo chenye wahudumu wa lugha mbili katika mitaa ya Pilsen au Little Village, wanakoishi Wamexico wengi? Aliyewahi kumhudumia mzee wa namna hii alimshawishije akubali?