Mrejesho: Flutter au React Native kwa app ya kikoba

Wakuu, habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza nitumie Flutter au React Native (zana za kuandika app mara moja ikafanya kazi kwenye simu za aina tofauti) kutengeneza app ya kikoba cha mama, iende Android, iPhone na kwenye brauza. Wengi mlisema Flutter. Mmoja akanionya nisihangaike na Dart, lugha ya Flutter, wakati JavaScript, ile ya React Native, ninaijua.

Nilikwenda na Flutter. Dart haikunisumbua, wiki mbili tu nikawa naandika bila kuchungulia. Kilichonitoa jasho ni APK, yaani faili la kusakinisha app kwenye Android: MB 48! Simu ya mweka hazina imejaa picha za harusi, ikagoma kabisa kuipokea. Kumbe nilikuwa nimefungasha msimbo wa aina zote za prosesa za simu kwenye faili moja. Nikajenga upya kwa `flutter build apk --split-per-abi`, ikashuka hadi 17. Ikaingia, na picha hakufuta hata moja.

Kwenye brauza nimeachana nayo. Flutter inajichorea kila kitu yenyewe, hivyo lazima injini yake ipakuliwe kwanza, na kwa bando la mama zangu hapo ni kusubiri. Nimeandika ukurasa wa HTML ya kawaida, jedwali la michango na basi.

iPhone? Inataka Mac yenye Xcode, programu ya Apple ya kujengea app, tena Apple wanamtoza mtengeneza app dola 99 kila mwaka, wakati Google Play ni dola 25 mara moja tu. Wenye iPhone kwenye kikoba ni wawili. Wanatumia huo ukurasa, wananuna kidogo.

Aliyenionya kuhusu Dart, kwa upande wa wavuti ulikuwa sahihi, mkuu.