Chuo kimemrekodi mamangu akiuliza maswali, sasa mji mzima unamcheka

Wadau, nina hasira na sitaificha. Kuna chuo hapa Mombasa, jina silitaji kwa sasa kwa sababu barua yangu iko mezani kwao, kilichoalika wazazi waje na watoto waliomaliza kidato cha nne watembezwe kampasi. Tukaenda familia nzima. Kesho yake ukurasa wa TikTok wa chuo ukaweka video ya wazazi waliovunja watu mbavu, na aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote ni mamangu mzazi, mtu mzima na buibui lake, akionja maji ya bomba la hosteli. Juu yake wamebandika nyuso za kucheka na maneno "wazazi wa Coast na mambo yao". Kwenye feri ya Likoni kijana mmoja alimtambua, akaanza kumwigiza anavyokinga kiganja. Mamangu amesema hapandi tena feri mchana.

Hebu mniambie, anayeonja maji Mombasa ana kichekesho gani? Mji huu visima vyake vingi ni vya chumvi. Maji ya chemchemi za Mzima yanatoka huko Tsavo kwa bomba, na mtaa mwingine hukaa wiki bila kuyaona, watu wakanunua jerikeni kwa mkokoteni. Ukioga maji ya kisima sabuni haitoi povu, chai haishikiki mdomoni, nguo nyeupe zinafifia. Mamangu amelea watoto na wajukuu kwa maji hayo. Aliposikia mwanafunzi aliyetutembeza akisifu kwamba hosteli "ina maji saa ishirini na nne", alifungua bomba, akakinga, akaonja, akasema, "Mwanangu, haya ni ya kisima. Ya kunywa wanatoa wapi?" Swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Jibu lilikuwa kicheko na, "Shosho, hapa si hoteli!" Simu ikiwa juu inarekodi. Wala kijana yule hakumwamkia tangu tulipofika.

Lililoniuma zaidi ni la lifti. Umeme ulikatika tukiwa kati ya ghorofa mbili, kiza, joto, tumebanana na mabegi. Mamangu akaanza kusoma dua kwa sauti, na wengine wakaitikia amina, wakiwemo wazazi ambao hata si Waislamu. Wamechukua kipande hicho wakakitia muziki wa kucheza. Dua jamani! Mwenye akili timamu aliyekaa ofisini akaidhinisha hilo litoke kwa jina la chuo, nataka nimwone uso kwa uso.

Sisemi siku ile hakukuwa na vichekesho. Vilikuwepo, na tulicheka wenyewe. Mzee mmoja kutoka Kwale aliingia maabara, akakuta mifupa ya mwanadamu imesimamishwa kwenye chuma, akatoa salamu kabla hajaivaa miwani. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini. Mama mwingine alibeba mahamri na mbaazi, akamtafuta mkuu wa idara amkabidhi, eti mtoto ahesabiwe wa nyumbani kabisa, na binti yake alitamani ardhi immeze. Baba mmoja alishika joho la kuhitimu lililowekwa la maonyesho, akamvika mwanawe na kumpiga picha, na mtoto bado hata nafasi hajapata. Tulicheka pamoja, mwenye kuchekwa akicheka zaidi. Hiyo ni furaha ya watu ambao hawajawahi kumpeleka mtoto chuo, na haikumdhalilisha mtu. Kumrekodi mama wa watu bila ruhusa ukauza sura yake ni jambo jingine kabisa.

Na huo msemo wa "wazazi wa Coast" nao una maana yake, tunaujua sote tuliokulia huku. Kwamba sisi ni wa kulala, shule hatuijui. Marehemu babangu alisomea ufundi wa umeme MIOME, taasisi iliyoanzishwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki kwa michango ya akina Sultani wa Zanzibar na Aga Khan. Ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, ikawa Mombasa Polytechnic 1972, na leo ni TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. (Msichanganye, si TUM ninayoilalamikia.) Mamangu ndiye aliyekuwa akimfulia ovaroli na kumhesabia nauli. Elimu ya chuo aliijua kabla aliyeshika simu ile hajazaliwa.

Ami yake binti yangu naye amewekwa humo, eti kwa sababu aliuliza mara tatu, "Hiyo ada ni ya mwaka au ya muhula?" Aliuliza mara tatu kwa sababu alijibiwa majibu matatu. Zamani mtoto aliyepelekwa chuo kikuu na serikali alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka na kila mzazi aliijua hesabu hiyo. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya, familia zikapangwa kwa bendi kulingana na kipato, sehemu ni msaada, sehemu mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, sehemu mzazi atoe mfukoni. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo ni kinyume cha katiba, serikali ikakata rufaa. Katika hali hiyo, mvuvi wa Mtongwe akitaka kujua atauza nini ili mtoto asome, mnamcheka?

Ami akauliza pia kama kozi yao ya uhandisi imepitishwa na bodi. Watu wakaguna kana kwamba amechelewesha chakula. Wako vijana Kenya hii waliomaliza digrii ya uhandisi, Bodi ya Wahandisi ikakataa kuwasajili kwa sababu haikuitambua kozi waliyosoma. Miaka mitano ya mtoto na shamba limeshauzwa. Ami alitaka kuona karatasi, hakuonyeshwa karatasi. Alionyeshwa bwawa la kuogelea.

Nimeandika barua, nimeipeleka kwa mkono na nakala yangu imegongwa muhuri. Nataka video ifutwe, mamangu aombwe radhi nyumbani kwake Likoni na mtu mzima mwenye cheo, si ujumbe wa WhatsApp, na maswali yale yajibiwe kwa maandishi: maji, ada, bodi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iko wazi kuhusu ridhaa, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Chuo kisijifanye hakijui.

Yule mzee wa Kwale na mama wa mahamri pia wamo kwenye video. Sina namba zao. Kama kuna anayewafahamu, awaambie wanitafute kwa ujumbe wa faragha hapa tuandike malalamiko kwa Kamishna kwa pamoja. Ijumaa nikiwa sijajibiwa, napeleka langu peke yangu na jina la chuo nalitaja.