Mahari kwa simu, bwana yuko Lubumbashi: tukubali ao tukatae?

Nauliza familia za Bukavu na Goma. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025 kwa sababu ya vita, kijana anayefanya kazi Lubumbashi haji tena kwetu kwa urahisi. Wengi wanazungukia Kigali, na tiketi hiyo inakula mahari yenyewe. Basi wajomba wanapokea pesa kwa simu, bwana anaonekana kwenye video, watu wanapiga vigelegele, binti anaitwa mke wa mtu.

Mimi nakubali. Wapendanao wasiadhibiwe kwa vita ambavyo hawakuvianzisha. Anayenunua mega za intaneti kila usiku ili asikie sauti ya mwenzake, mtandao ukikatika anaanza upya, huyo ana nia. Ila sharti langu silegezi: mambo yasiishie kwa wajomba. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaruhusu mchumba awakilishwe kwa sababu nzito, jaji wa tribinali ya amani akikubali. Tuombe ruhusa hiyo, ndoa iandikwe kwenye état civil, ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa. Bwana akichukua mwingine kule, dada yetu asiye na karatasi ataonyesha nini?

Mama, Goma: Karatasi haikuambii mtu anaishi namna gani. Wazee wetu walituma mjumbe akaone kijana analala wapi, majirani wanasema nini juu yake. Lubumbashi tuna ndugu, waende waangalie. Na kinachoniuma zaidi ni binti kupelekwa kwa wakwe: anapika, anafua, analea watoto wa shemeji, mume hajulikani atafika lini. Wangu nimemkatalia.

Kijana, Lubumbashi: Mama, kwa heshima. Mchumba wangu yuko Kadutu, huko Bukavu. Kila Jumapili baada ya misa tunaongea, tunaambiana pesa iliyoingia na iliyotoka, hata deni. Hilo limetushikilia kuliko maneno matamu. Lakini wajomba wanapandisha mahari kwa kuwa niko kwenye mji wa shaba, wakati sheria hiyohiyo inakubali ndoa ifungwe sehemu ya mahari ikishatolewa. Tukiachana, itakuwa kwa ajili ya hesabu hizo.

Mwenye swali: Mama, hapo kwa wakwe niko na wewe kabisa: binti abaki kwao mpaka mume afike mwenyewe. Na ndugu wa Lubumbashi watumwe. Kuhusu mahari kupanda, wajomba wanasoma haya. Wajibu wenyewe.