Kabla ya haibridi ulikuwa na gari gani, na kuhama kulikulipa?

Nahodha wa Lami
Wakuu, habari za saa hizi. Nimekuja na ubishi wa nyumbani. Mdogo wangu ana kigari cha petroli, injini ya 1.3, kinampa kilomita 15 kwa lita na hakijawahi kumsumbua. Sasa anataka kukiuza achukue haibridi iliyotumika, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwa sababu mimi nilihama na amenisikia nikisifia. Namwambia hesabu yangu si yake, haelewi.

Mimi nilitoka kwenye steshenwagoni ya lita 3, kilomita 7 kwa lita nikienda kwa adabu. Haibridi inanipa 18. Kila kilomita 100 nilikuwa nachoma lita 14 na ushee, leo hazifiki 6. Yeye akitoka 15 akaenda 20, anatoka lita 6.7 anaingia lita 5. Hajaokoa hata lita 2! Kilomita kwa lita zinadanganya macho. Mwenye gari la 7 akihamia la 10 ameongeza kilomita 3 tu, lakini ameokoa lita 4 na zaidi kila kilomita 100, kumshinda huyu aliyeongeza 5.

Kwa hiyo nauliza: kabla ya haibridi ulikuwa unaendesha nini, na kuhama kulikulipa? Mimi sijuti. Lile la zamani lilikuwa la gia za mkono pia, na nasema wazi, wanaolilia gari la gia wanalilia mateso yao.

Kanyagio Tatu
Mkuu, ungeishia kwenye lita ningekuunga mkono. Hilo la mwisho umewakosea watu.

Mzee wangu alikuwa na Peugeot 504, gia ziko kwenye shingo ya usukani. Siku ya kunifundisha kubalansi klachi alinisimamisha katikati ya mlima, akashuka, akavua kiatu chake kimoja akakiweka nyuma ya tairi. Akarudi ndani, mguu mmoja soksi tupu. "Ondoa gari bila kukigusa." Nilikigusa mara mbili. Mara ya tatu nilisikia injini inashuka sauti kidogo, klachi inaanza kushika, nikaachia handibreki, gari likapanda. Sauti ile bado ninayo masikioni. Hayo si mateso, huo ndio udereva wenyewe.

Mimi sasa nina haibridi, mwaka wa tatu. Mafuta inakula kidogo, sikatai. Ila mtu aliyetoka kwenye otomatiki kuingia haibridi hajahama popote, amebadilisha kiti tu.

Dada Mwendo
Kaka Kanyagio, nimesoma hadithi ya kiatu nikaipenda, mpaka ulipofika mstari wa mwisho.

Nimeendesha Corolla ya gia miaka 9. Nikafanyiwa upasuaji wa nyonga ya kushoto. Unajua kukanyaga klachi kwenye foleni ya saa nzima na nyonga iliyoshonwa ni nini? Nilikuwa nauinua mguu kwa mkono. Nikauza, nikanunua otomatiki, na baadaye haibridi. Nikiwa kwenye foleni sasa injini inazima yenyewe, gari linasogea kwa umeme, mguu wangu umetulia. Wewe unaniambia nimebadilisha kiti. Usinipime udereva kwa mguu wa kushoto.

Kanyagio Tatu
Dada, pole sana kwa upasuaji, na sikukukusudia wewe. Naongea na wenye miguu mizima ambao hawajawahi kushika gia na wanatucheka sisi. Nikuulize swali la usalama basi. Mteremko mrefu, gari limejaa watu. Na la gia narudisha namba 2, injini inalishika. Na haibridi unakanyaga breki mpaka zinuke?

Fundi Spana
Naomba niingie hapo kwenye mteremko, maana watu wanaumia kwa kutojua.

Kwenye haibridi za Toyota angalia kwenye gia, kuna herufi B. Wengi hawajawahi kuigusa. Ukiteremka kawaida, mota inageuka jenereta, inalishika gari huku ikirudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana pedi za breki za magari haya naziona zinakaa muda mrefu sana kabla sijazibadilisha. Lakini mteremko ukiwa mrefu betri inajaa, umeme hauna pa kwenda. Ukiwa kwenye B, gari linaizungusha injini bila kuipa mafuta, upinzani wake ndio unaokushika. Ni ile ile namba 2 yako, kaka Kanyagio, ila kwa njia nyingine. Kwenye tambarare usiitumie, utapoteza umeme bure.

Na mfumo huo hauna klachi ya kukanyaga, hauna stata ya kawaida, hauna alternata. Kuna mota mbili na gia za sayari, yaani gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, zinazogawa nguvu kati ya injini, mota na magurudumu. Nikivua boneti mbele ya mwenye gari naye akauliza alternata iko wapi, namwambia haipo, anadhani nimeiba.

Msoma Geji
Fundi, ahsante. Niongeze kidogo historia. Haibridi zilianza na Prius ya Toyota mwaka 2000, kwa hiyo teknolojia yenyewe bado changa, ndiyo maana watu wanaiogopa.

Kanyagio Tatu
Siyo 2000. Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, 2000 ndipo ilipotoka kwenda nchi nyingine. Na Marekani Honda Insight iliitangulia, mwisho wa 1999. Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu uzi mzima mmenifanya mtu wa kale: Insight ile ilitoka na gia za mkono, namba 5! Ina klachi na ina betri ya haibridi. Baadaye Honda wakatoa haibridi nyingine, CR-Z, 2010, namba 6. Kwa hiyo nani amesema haibridi na gia ni maadui?

Msoma Geji
Nimekubali kuhusu 1997. Lakini hoja yangu ya uchanga ilikuwa...

Mhandisi Mstaafu
Uchanga upi, mwanangu? Ferdinand Porsche alitengeneza gari la petroli na umeme mwaka 1900. Injini zilizungusha jenereta, jenereta zikalisha mota zilizokaa ndani ya magurudumu. Wazo limetangulia babu zenu. Kilichokosekana ni betri nyepesi na kompyuta ya kugawa kazi.

Mimi kabla ya haibridi nilikuwa na Mercedes ya dizeli, W123. Asubuhi unawasha swichi, unasubiri taa ya plagi za kupasha injini joto izime, ndipo unapiga stata. Miaka 20 nimesubiri taa ile. Siku ya kwanza na haibridi nilibonyeza kitufe nikakaa nasubiri muungurumo. Kimya. Nikabonyeza tena, nikalizima. Mjukuu ndiye aliyenionyesha neno READY kwenye dashibodi, yaani gari liko tayari.

Dada Mwendo
Shikamoo mzee. Hata mimi READY ilinichanganya.

Ila kaka Kanyagio bado hajarudisha lile neno la kiti.

Nahodha wa Lami
Jamani, mdogo wangu anasubiri. Gari gani kabla, na lita ngapi. Nawaombeni.

Mkaa Kimya
Mimi nitajibu, na jibu langu halitawafurahisha. Kabla ya haibridi nilikuwa na pikapu ya dizeli ya zamani. Ilichemsha, ilitoa moshi, ilinilaza njiani mara mbili, lakini kila mara niliitengeneza kwa spana na waya. Nikaingia haibridi iliyotumika. Mwezi wa nane taa ya haibridi ikawaka, nguvu zikapungua, fundi mmoja akasema betri kubwa imekufa, nibadilishe nzima. Akiba yote ya mafuta imezama humo kabla sijaionja. Wote mnaongea lita, hakuna anayeongea betri. Mwambie mdogo wako abaki na kigari chake.

Fundi Spana
Pole, ndugu. Huyo fundi alipima nini kabla ya kusema imekufa? Betri hizi ni seli nyingi zimepangwa pamoja. Prius ya kizazi cha pili ina moduli 28, yaani vifurushi vya seli. Inaweza kufa moja ikaangusha zote, na inaweza isife hata moja ikawa joto tu. Je, tundu la feni ya betri uliwahi kulisafisha? Mara nyingi liko pembeni ya kiti cha nyuma. Likiziba, betri inapikika taratibu.

Mkaa Kimya
Yaani unaniambia gari langu ni chafu? Nalifua kila Jumamosi, ndani na nje. Mafundi ndivyo mlivyo, kosa halikosi kuwa la mwenye gari.

Fundi Spana
Sijakuita mchafu. Nimeuliza tundu.

Jani Bichi
Wote mnahesabu lita na betri, moshi hamuutaji. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kaboni dayoksaidi karibu kilo 2.3. Anayetoka gari la lita 3 amefanya jambo kubwa. Anayeuza kigari cha 1.3, kigari kile hakifi, kinaendeshwa na mtu mwingine. Hewa haijapata nafuu anayoidhania.

Kanyagio Tatu
Na huyo mwingine atakuwa amejifunza gia.

Dada Mwendo, nimerudi kwa lile la kiti. Nilisema kwa hasira za maneno ya Nahodha, na mshale ukakuangukia wewe. Nalirudisha. Uliyeendesha na nyonga imeshonwa, mguu ukiuinua kwa mkono, kiatu cha mzee wangu usingekigusa.

Dada Mwendo
Nimepokea, kaka. Yameisha.

Nahodha wa Lami
Na mimi narudisha neno "mateso". Kiatu kimenishinda.

Mkaa Kimya
Fundi, nimefungua. Kikava cha plastiki pembeni ya kiti, ndani kuna wavu. Siuoni wavu. Naona blanketi la vumbi na nyuzi, na nywele za mbwa wa aliyekuwa na gari kabla yangu, maana mimi sina mbwa. Nimetoa kiganja kizima. Feni sasa naisikia inavuma, zamani sikuwahi kuisikia. Taa bado inawaka.

Fundi Spana
Taa haizimiki kwa kusafisha wavu tu. Tafuta mtu mwenye mashine asome volti za kila kundi la seli, gari likiwa linatembea, siyo limesimama. Kundi moja likidondoka kuliko wenzake, tatizo lako ni dogo kuliko ulivyoambiwa. Yakidondoka yote pamoja, aliyesema imekufa alisema kweli na mimi nitakuambia hivyo hivyo. Na usiguse waya wowote wa rangi ya chungwa, hizo ndizo za umeme mkubwa. Wewe mtu wa spana na waya, nakusihi hilo.

Mkaa Kimya
Sawa. Nitaleta namba zake hapa. Na uniwie radhi kwa lile la mafundi.

Nahodha wa Lami
Mdogo wangu amesoma uzi wote usiku. Hajauliza lita, hajauliza betri. Ameuliza ile Insight ya namba 5 bado inapatikana.

Fundi Spana
Mwambie spea zake atazitafuta mpaka achoke. Kigari chake kina gia?

Nahodha wa Lami
Kina gia.

Fundi Spana
Basi abadilishe plagi na kichujio cha hewa, apime upepo wa tairi, halafu ahesabu upya hizo kilomita 15.