Mjadala: Je, "kazi ya Mungu haina makosa" inamwondolea dereva lawama?

Mtoa mada, Ngamiani, Tanga

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo hapa Tanga tunalimaliza haraka mno. Bodaboda anamgonga mtu anayevuka barabara, aliyegongwa anafariki, na kabla ya hitima kusomwa wazee wa pande mbili wamekwisha kukaa, ubani umepokewa, na neno la kufunga shauri limetamkwa: kazi ya Mungu haina makosa. Siku yake ilikuwa imefika, wanasema, na yule kijana alikuwa sababu tu. Ninachouliza ni kama kifo kilichokwisha kuandikwa kinaweza kuwa na mtu wa kulaumiwa.

Mimi naamini kinaweza, na nasema hivyo bila kuikana kadari. Wengi wetu hapa pwani tumesomeshwa akida, yaani elimu ya itikadi, kwa njia ya Imam al-Ash'ari, ambaye alisimama kati ya Jabriya, waliomnyima mja hiari yote, na Muutazila, waliosema kwamba mja huviumba vitendo vyake mwenyewe. Kwa Ash'ari, Mwenyezi Mungu ndiye muumba wa kitendo, na mja ndiye anayekichuma, yaani anayekifanya kiwe chake. Kwa kuchuma huko ndiko ataulizwa. Fumbo hilo ni gumu kiasi kwamba wanazuoni wenyewe walifikia kulitania, lakini hakuna aliyelitumia kufuta hesabu. Khalifa Umar naye, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kuna tauni, aliamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo hata kushika breki kumeandikwa, na dereva aliyepita kwa kasi mbele ya shule hawezi kulileta kuwa shahidi wake daftari ambalo hakulisoma wakati anaongeza mwendo.

Mchangiaji wa kwanza, Pangani

Mtoa mada, umesema vizuri, ila wahenga walisema jitihada haiondoi kudura. Nenda usimame stendi ya Kange asubuhi uwahesabu vijana wanaopita kwa fujo, wakiwa wamepakia abiria wawili au watatu, wengine hata kofia ngumu hawana. Wote wanafanya kosa moja. Kati yao mmoja tu ndiye atakayekutana na mtoto anayekimbilia mpira, na huyo mmoja ndiye atakayefungwa, ilhali wenzake watakula chakula cha mchana kwa amani. Kilichomtenganisha na wenzake ni nini kama si kudura? Ukimlaumu kwa kuua, unamlaumu kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwake.

Mchangiaji wa pili, Muheza

Mimi nafundisha baiolojia, na naona nyote mnaanzia mbali. Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba umeme wa ubongo huanza kupanda takriban nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, ilhali mhusika mwenyewe husema alihisi nia ya kuusogeza baadaye kidogo, karibu moja ya tano ya sekunde kabla ya tendo. Inaelekea ubongo umekwisha kuamua kabla sisi hatujajua. Ongeza hapo hali ya maisha: kijana wa mkataba, anayeilipia pikipiki kidogo kidogo hadi iwe yake, anatakiwa kupeleka hesabu kwa bosi kila jioni, na asipoifikisha pikipiki inachukuliwa pamoja na fedha zote alizokwisha kulipa. Njaa inamsukuma, bosi anamsukuma, damu ya ujana inamsukuma. Sasa hiyo hiari tunayotaka kuihukumu iko wapi?

Mtoa mada

Nianze na la mwalimu wa Muheza kwa sababu ni jepesi zaidi. Majaribio ya Libet yalihusu kukunja kiganja wakati wowote mtu atakapojisikia, jambo lisilo na sababu wala matokeo. Kuamua kulipita lori kwenye kona ni kitu kingine. Isitoshe, mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando ule wa umeme unaweza kuelezwa kuwa ni msukosuko wa kawaida wa ubongo unaofika kiwango fulani, bila kudai kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika. Tena anayetoa hoja ya kusukumwa akumbuke kisa kinachosimuliwa kuhusu Zeno, mwanafalsafa wa kale wa Wayunani, ambaye mtumwa wake aliyeiba alijitetea kwamba aliandikiwa kuiba, akajibiwa kwamba aliandikiwa na kuchapwa pia.

Hoja ya ndugu wa Pangani ndiyo nzito. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliishughulikia hiyo hiyo, na Nagel akatoa mfano wa dereva mlevi ambaye gari lake linapanda njia ya waenda kwa miguu: pakiwa na watu ataitwa muuaji, na pasipokuwa na mtu atajihesabu mwenye bahati, ingawa mikono yake imefanya kitendo kile kile. Hata sheria zetu za barabarani hutofautisha kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo kwa kuendesha hivyo. Mimi naona kwamba lawama ya uzembe wao ni moja, na alichozidi aliyeua ni deni, kwa maana anadaiwa na wafiwa ambao wenzake hawana. Kama hapo tunaona uonevu, tuache kuwaona wasafi wale ambao hawajaua bado. Na methali uliyoitaja inamsema mtu aliyejitahidi akashindwa. Huyu wa kwetu alijitahidi nini?

Kuhusu mtu asiyekuwa na hiari kweli, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imekwisha kuliona hilo. Kitendo kilichotokea nje ya utashi wa mtu hakimtii hatiani, na mtoto aliye chini ya miaka kumi hashitakiwi. Dereva aliyepatwa na kifafa cha ghafla, ambaye hakuwahi kujua kwamba anacho, yumo humo. Mwenye haraka ya hesabu hayumo.

Mchangiaji wa tatu, Makorora

Kaka zangu, mmesahau kuwatazama wale wazee wenyewe wanavyofanya. Wanasema kazi ya Mungu haina makosa, halafu wanamleta kijana barazani, anapiga magoti, anaomba radhi kwa mama wa marehemu. Kama hakukosa, anaomba radhi ya nini? Mama naye akisema amesamehe, amesamehe nini? Mtu hasamehewi asilolikosa. Tendo lao linakiri yale ambayo maneno yao yanayaficha.

Na kwa sisi Waislamu jambo hili halikuachwa wazi. Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, inamzungumzia aliyeua kwa kukosea, si kwa kusudi, na bado inamwajibisha: aache huru mtumwa muumini na watu wa marehemu walipwe dia, yaani fidia ya damu, isipokuwa wakiiacha kwa hiari yao kama sadaka; na asiyeweza kupata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Wafiwa wanaweza kuiacha dia kwa sababu ni haki yao, lakini ile saumu si yao kuisamehe. Ni kijana gani wa bodaboda hapa mjini mmewahi kusikia akiambiwa na wazee afunge?

Mchangiaji wa kwanza

Dada yangu, hapo umenibana, na kuhusu saumu sina la kusema. Ila dia ailipe nani? Yule kijana hana hata tairi ya akiba.

Mtoa mada

Hapo ndipo maneno ya mwalimu kuhusu hesabu yanapofaa kazi, ingawa si kazi aliyoyakusudia. Msukumo wa bosi haumwondolei kijana lawama, ila unamwingiza bosi ndani yake, kwa kuwa aliyepanga kiwango ambacho hakifikiki bila kukimbizana barabarani alikuwa na utulivu wa kuamua kuliko yeyote aliyekuwa pale kwenye ajali. Wazee wakikaa, mmiliki wa pikipiki aitwe barazani pamoja na kijana wake, naye aulizwe mbele ya wafiwa alikuwa anadai shilingi ngapi kwa siku.