Mkataba umebakiza miezi miwili, dalali anataka kodi mpya kuanzia mwezi ujao. Haki yangu ni ipi?

MamaWawili

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya anayejua mambo ya upangaji, maana nimepewa hadi Ijumaa nijibu.

Nimepanga nyumba ya chini kwa mkataba wa maandishi wa miaka miwili. Umebakiza miezi miwili uishe. Juzi dalali anayesimamia nyumba kanitumia ujumbe wa simu: kodi inapanda kwa theluthi moja kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao, niongeze na amana ilingane na kodi mpya, na nisipokubali ataanza kuwaonyesha watu wengine nyumba. Jana kaleta mkataba mpya nisaini. Mkataba wa zamani unataja kiasi cha kodi kwa kipindi chote, basi. Huu mpya unasema kodi "itarekebishwa wakati wowote kadiri mwenye nyumba atakavyoona inafaa".

Sijawahi kuchelewa kulipa na risiti zote ninazo. Dari ya chumba cha mama yangu inavuja tangu mvua zilizopita. Niliripoti kwa maandishi, hakuna fundi aliyekuja. Mama anatembea kwa magongo, na nyumba isiyo na ngazi haipatikani kwa wiki moja. Dalali analijua hilo, na naona ndilo analolitumia kunibana.

Maswali yangu: anaweza kupandisha kodi mkataba ukiwa bado hai? Nisiposaini, siku mkataba unapoisha natakiwa niwe nimetoka? Na ile dari, naweza kukata gharama ya fundi kwenye kodi?

KaraniMstaafu

Dada, pole, na usisaini kwa sababu ya Ijumaa. Hiyo Ijumaa kaiweka yeye. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya wakili, kesi za wapangaji na wenye nyumba zikipita mezani kwangu, na tarehe za namna hii nimeziona sana. Zinawekwa ili mtu asipate muda wa kusoma.

Swali la kwanza. Mkataba wa muda maalumu uliotaja kodi unawafunga wote wawili mpaka siku ya mwisho. Kodi haipandi katikati ila kama ndani yake kuna kipengele kinachoruhusu, na hapo lazima kifuatwe kama kilivyoandikwa: lini, kwa kiasi gani, kwa notisi ya muda gani. Wewe unasema hakipo. Basi ule ujumbe ni ombi, na ombi linaweza kukataliwa. Hiyo miezi miwili iliyobaki unalipa kodi ileile.

Angalia sana hapa: ukilipa kiasi kipya hata mara moja bila kuandika neno, anaweza kudai kwamba ulikubali kwa vitendo. Nimeona wapangaji waliokuwa na haki kamili wakashindwa kwa risiti moja tu. Lipa cha zamani, siku ileile, kwa njia inayoacha kumbukumbu, na pale pa maelezo andika ni kodi ya mwezi gani.

Amana nayo ni hivyohivyo. Kiasi chake kimo kwenye mkataba uliopo, na haiongezwi kwa ujumbe wa simu.

Swali la pili lina mambo zaidi. Soma kipengele cha mwisho wa mkataba neno kwa neno. Kuna mikataba inayompa mpangaji nafasi ya kuongeza muda akitoa taarifa mapema, mara nyingi miezi miwili au mitatu kabla. Kama wako ni wa aina hiyo, huenda siku yako ya kutoa taarifa ni wiki hii, na ukiipitisha nafasi imepotea. Kuna inayosema unaisha bila notisi yoyote. Na kuna isiyosema kitu. Kwa hiyo ya mwisho, sheria za nchi nyingi zinasema ukibaki na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi, upangaji unakuwa wa mwezi kwa mwezi kwa masharti yaleyale, na kuuvunja kunahitaji notisi.

Lolote litakalotokea, kukutoa kwa nguvu ni jambo jingine kabisa. Mkataba kuisha hakumpi dalali ruhusa ya kubadilisha kitasa, kukata maji au umeme, au kutoa vyombo nje. Katika nchi nyingi kumtoa mpangaji asiyetaka kutoka kunahitaji amri ya mahakama au ya baraza la upangaji. Akijaribu, piga picha, ita majirani washuhudie, nenda polisi na mkataba wako mkononi.

Kijana_wa_Juu

Mimi ningeacha kulipa kabisa mpaka watengeneze dari. Wakikosa kodi watakuja mbio.

KaraniMstaafu

Hapana mkuu, tafadhali. Sasa hivi huyu dada hana deni hata la siku moja, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Akiacha kulipa anampa mwenye nyumba sababu ya kumshitaki ambayo hakuwa nayo, na mahakamani habari ya dari itasikilizwa baada ya deni. Kukata gharama ya fundi kunaruhusiwa mahali pengine, lakini kwa utaratibu maalumu: taarifa ya maandishi, muda wa kusubiri, pengine kibali. Asiguse kodi kabla ya kuuliza wakili au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu naye. Dari iingie kwenye mazungumzo ya mkataba mpya. Huko ina uzito.

PwaniMsomaji

Naongeza jambo moja: kabla ya kujadiliana, ijue sheria ya nchi unayoishi, kwa sababu zinatofautiana mno na watu hupeana ushauri wa nchi nyingine bila kujua.

Uganda, Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 iliweka kikomo cha nyongeza kuwa asilimia 10 kwa mwaka. Kenya, kwa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula zilizo chini ya upangaji unaolindwa, mwenye jengo anatakiwa kutoa notisi ya miezi miwili au zaidi kwa fomu maalumu, na mpangaji akipeleka pingamizi barazani kabla ya notisi kuanza kufanya kazi, nyongeza inasimama mpaka shauri liamuliwe. Hiyo ni ya biashara; nyumba za kuishi zina sheria yake. Ujerumani mwenye nyumba anaomba ridhaa ya mpangaji, na nyongeza ya kuifikia kodi ya kawaida ya eneo haipaswi kuzidi asilimia 20 ndani ya miaka 3, au asilimia 15 kwenye miji yenye uhaba wa nyumba. Jimbo la Ontario, Kanada, ni notisi ya maandishi ya siku 90, mara moja tu ndani ya miezi 12, na serikali hutangaza kiwango cha juu kila mwaka. Lakini hukohuko, nyumba zilizoanza kukaliwa baada ya 15 Novemba 2018 hazibanwi na kiwango hicho.

Kwa hiyo nyongeza ya theluthi moja inaweza kuwa haramu mahali fulani na halali kabisa pengine mkataba ukishaisha. Dada, uliza maswali matatu: kuna kikomo? notisi ni ya siku ngapi na kwa njia gani? pingamizi linapelekwa wapi? Sheria nyingi zinataka maandishi yenye mambo fulani ndani yake, na ujumbe wa simu wa mistari miwili huenda usihesabiwe kuwa notisi.

MwenyeVyumba

Mimi nipo upande wa pili, nina vyumba ninavyopangisha, na nitasema kweli kutoka huku. Mpangaji asiyechelewa ni mali. Akitoka, nyumba inakaa tupu, napaka rangi, namlipa dalali, halafu namwingiza mtu nisiyemjua. Hesabu ya mwezi mmoja tu wa nyumba tupu mara nyingi inakula sehemu kubwa ya nyongeza niliyokuwa naitaka. Mwenye nyumba wako huenda hajaipiga hiyo hesabu, kwa sababu mazungumzo yote yanapitia kwa dalali, na kuna madalali wanaopata ujira kila anapoingia mpangaji mpya. Mtafute mwenye nyumba mwenyewe.

Usiende kusema "hapana" tupu, nenda na pendekezo. Mimi mpangaji akiniambia nitakubali nyongeza ndogo, au nyongeza ipande kwa awamu mbili, nami nisaini miaka miwili mingine, nitamsikiliza. Uliza kodi za nyumba mbili tatu za jirani zinazofanana na yako, uziandike, uende nazo.

Na kile kipengele cha "wakati wowote kadiri atakavyoona inafaa", usikikubali hata wakipunguza kodi leo. Kikibaki, punguzo hilo wanaweza kulifuta mwezi unaofuata. Dai kiandikwe: si zaidi ya mara moja kwa mwaka, asilimia ijulikane, notisi ya maandishi ya miezi miwili.

MamaWawili

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekwenda kusoma kipengele cha mwisho. Kinasema mpangaji "anaweza kuomba kuongezewa muda kwa barua, si chini ya siku arobaini na tano kabla ya mwisho". Kwa hiyo bado nipo ndani ya muda! Sikukiona kwa sababu kipo ukurasa wa mwisho, chini ya orodha ya vifaa. Barua niiandikeje?

KaraniMstaafu

Afadhali umekiona sasa. Zingatia kwamba kinasema "kuomba", hivyo hakimlazimishi kukubali. Ila kinakuweka kwenye kumbukumbu kama mpangaji aliyefuata masharti. Barua iwe fupi, bila hasira. Kitu kama hiki:

"Kwa mujibu wa kipengele cha kuongeza muda katika mkataba wetu, naomba kuendelea na upangaji kwa miaka miwili. Nimepokea ujumbe kuhusu kodi mpya. Kwa kuwa mkataba wa sasa haujaisha, nitaendelea kulipa kodi iliyomo mpaka tarehe ya mwisho. Niko tayari kujadili kodi ya kipindi kijacho pamoja na matengenezo ya dari niliyoyaripoti kwa maandishi. Kulipa kwangu kodi ya sasa kusichukuliwe kuwa nimekubali masharti mapya."

Weka tarehe, saini, nakala mbili. Moja wasaini kwamba wameipokea, ubaki nayo. Wakikataa kusaini, tuma kwa posta ya rejesta au barua pepe, na usitegemee dalali aifikishe kwa mwenye nyumba. Mpelekee mwenyewe kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba. Piga picha dari leo, na ule mkataba mpya usiosainiwa usiurudishe kabla ya kuutoa kopi.